Vidoti vya Sherehe ya Hadassa

Simu iliita Ivonete akiwa amepiga magoti chini ya cherehani, anatafuta bobini iliyomponyoka, na kabla hajainuka vizuri mtoto alikwisha kuipokea.

"Mamkubwa, ni Mama. Anasema anataka vidoti."

"Vidoti gani?"

"Sijui. Anasema kila kitu kiwe na vidoti."

Ivonete akajipangusa magoti, akaichukua simu. Kwenye kioo alikuwepo mdogo wake Josiane, nywele zimefungwa kitambaa, nyuma yake jiko kubwa jeupe la watu wengine. Josiane alikuwa akisafisha nyumba Marekani, karibu na Boston, kama nusu ya mabinti aliosoma nao hapa Governador Valadares, Brazil. Aliondoka binti yake Hadassa hajafikisha miaka miwili, akasema anakwenda kutafuta maisha na atarudi karibuni. Sasa Hadassa alikuwa anakaribia miaka saba, na hiyo karibuni ndiyo kwanza ilikuwa imewadia. Josiane alikuwa amepata makaratasi ya kuishi kule, angeweza kutoka na kuingia bila kujificha, na tiketi ya ndege alikwisha kukata.

"Nete, nisikilize. Kuna nyumba moja nasafisha, walimfanyia mtoto wao sherehe ya kuzaliwa, yote vidoti. Ukutani vidoti, mezani vidoti, mpaka mirija ya soda ina vidoti. Vyekundu juu ya vyeupe. Mimi ndiye niliyefagia kesho yake. Nilifagia huku nalia, nikasema na wa kwangu atapata hii hii."

"Atapata," alisema Ivonete.

"Na msiniletee habari za farasi."

Hadassa, aliyekuwa ameegemeza kidevu kwenye meza ya cherehani, akanuna. Yeye alitaka farasi. Alikuwa amekwisha kumchora farasi mwenyewe, mkia mrefu kuliko miguu, na kumbandika kwenye mlango wa friji.

"Josi," Ivonete aliuliza, akijitahidi sauti iwe ya kawaida, "ukija utakaa mpaka lini?"

Josiane alitazama pembeni, kama mtu aliyeitwa. "Tutaongea nikifika, dada."

Simu ikakatika. Na hiyo "tutaongea" ikabaki nyumbani mle kama mgeni asiyesema amefuata nini. Ivonete aliamka nayo na kushona nayo. Hakuthubutu kuitamka, lakini aliijua maana yake. Mtu hapati makaratasi ya Marekani kisha akaja kula keki na kurudi mikono mitupu. Alikuwa anakuja kumchukua Hadassa.

Hata hivyo kazi ya sherehe haikungoja. Ivonete alinunua karatasi nyekundu, akafudikiza bilauri juu yake, akachora duara na kukata, akachora na kukata. Za ukubwa wa bilauri zilikuwa za ukutani. Za ukubwa wa kifuniko cha chupa zilikuwa za vifuko vya peremende ambavyo watoto wangeondoka navyo. Kitambaa cha gauni la Hadassa chenye vidoti vya ukubwa alioutaka Josiane hakikupatikana duka lolote, kwa hiyo akanunua kitambaa cheupe na kushonea kidoti kimoja kimoja kwa mkono, mpaka ncha ya kidole chake ikawa ngumu kama ukucha.

Jirani yao Gleide, mwanamke mnene wa vicheko aliyekodisha meza za sherehe na kupika peremende, alikuja kupima ukuta wa baraza akasimama mikono kiunoni.

"Yesu wangu! Nyumba imeshikwa na tetekuwanga."

"Acha utani, shoga. Nisaidie kunyoosha huu mstari."

"Sikufanyii utani, nakuonea huruma. Mwaka jana tulikuwa na vipepeo, tukapumzika. Mwaka huu nitaota miduara." Alichukua gundi akaanza kubandika. "Peremende za chokoleti nizifanyeje? Brigadeiro ni za mviringo tayari, hizo ni vidoti vyenyewe. Nikizifunga kwenye zile karatasi nyekundu, mdogo wako atafurahi?"

"Atafurahi."

"Afurahi asifurahi, atakula." Kisha Gleide akashusha sauti, maana Hadassa alikuwa uani. "Na kipande cha kwanza?"

Ivonete alikata kidoti kingine. Alijua Gleide angelifikia hilo.

Kila nyumba pale mtaani iliijua saa ile. Wimbo ukiisha na mishumaa ikizimwa, mtoto hukata kipande cha kwanza cha keki kwa mkono wake, na watu wote hupiga makofi wakiuliza kwa sauti moja, cha nani? Hapo mtoto humpa yule anayempenda kuliko wote, mbele ya macho ya ukoo mzima. Watu wazima hujifanya ni mchezo wa watoto. Lakini wako wanaokumbuka cha mwaka jana kilikwenda kwa nani na cha mwaka juzi, na wako ndugu waliowahi kununiana miezi kwa ajili yake. Hadassa tangu alipoweza kushika sahani alimpelekea Ivonete.

"Unamkumbuka mjukuu wa Marlúcia?" Gleide aliendelea. "Mama yake alitoka Ureno na masanduku ya zawadi, hata mlango haukuyatosha. Mtoto akakata keki, akampita mama yake hivi, akampa bibi. Kimya! Nzi angepita ungemsikia. Mama akacheka, lakini kicheko cha meno tu. Jumatatu yupo shuleni anamwondoa mtoto. Wiki haijaisha, hao, Ureno. Marlúcia mpaka leo analea simu."

"Kwa sababu ya keki?"

"Kwa sababu ya aibu. Alikuwa hana mpango wa kumchukua, Marlúcia mwenyewe ameniambia. Ila ukimwaibisha mama mbele za watu, shoga, atachukua chake hata kama hajui atakiweka wapi."

Gleide akaenda zake. Ivonete akabaki na gundi inakaukia vidoleni, anafikiri. Alifikiri siku ile na zilizofuata. Josiane akija akaaibishwa, atamchukua mtoto kwa hasira. Lakini akiheshimiwa, akipewa nafasi yake mbele ya watu wote, moyo wake utashiba. Ataona mtoto hakufundishwa kumsahau. Ataweza kuondoka kwa amani, apeleke picha zake kule, awaonyeshe wenzake, na mambo yarudi kama yalivyokuwa. Pia, na hili nalo lilikuwa kweli, Ivonete alimwonea mdogo wake huruma. Hakutaka kumwona amesimama mikono mitupu katikati ya vidoti alivyovililia.

Basi akaoka keki ndogo ya unga wa mahindi, ile ya kahawa ya jioni, akaiweka mezani na kumpa mtoto kisu butu.

"Tufanye mazoezi. Wimbo umeisha, umezima mishumaa. Kata."

Hadassa akakata, ulimi nje kwa umakini. Akakiweka kipande kwenye sahani, akamsukumia Ivonete.

"Hapana, mwanangu. Mwaka huu utampa Mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ametoka mbali."

Mtoto akakikodolea macho kile kipande. "Lakini si ni cha mtu unayempenda zaidi?"

"Kwani mama yako humpendi?"

"Nampenda. Ila yeye ni wa kwenye simu."

 "Sasa atakuwa hapa. Mgeni hupewa kiti kizuri, si ndiyo? Naye utampa keki."

"Ni uongo?"

"Si uongo. Ni adabu."

Hadassa akafikiri. "Akiondoka, nitakupa wewe tena?"

"Akiondoka utanipa keki nzima, nile peke yangu mpaka niumwe tumbo."

Mtoto akacheka sana, mpaka makombo yakamruka mdomoni. Wakafanya tena na tena, Hadassa anakata, anainua sahani, anatembea taratibu mpaka kwenye kiti kitupu kilichokuwa Mama. Mwishoni Ivonete akamshika mabega.

"Na hii ni siri. Mtu akikuuliza nani amekwambia?"

"Hakuna. Moyo wangu tu."

"Hewaa."

Bibi yake Hadassa, mzee Zulmira, aliyewazaa Ivonete na Josiane, alikuwa dirishani akichambua maharage. Alisikia yote. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea na maharage yake.

Josiane alifika kwa basi kutoka uwanja wa ndege, amenenepa kidogo, ananukia sabuni ya kigeni, analia kabla hata hajakanyaga chini. Hadassa alijificha nyuma ya sketi ya Ivonete, akatoa mkono mmoja tu, kama anayesalimia mwalimu mkuu. Josiane akaushika ule mkono, akaubusu, akacheka. Ivonete akakitazama kile kicheko. Kilikuwa cha meno tu.

Siku zilizofuata hazikuwa mbaya, na huo ndio uchungu wake. Josiane hakuja na majivuno. Alipanda ngazi kubandika vidoti na Gleide, akajipaka gundi mpaka nyusi. Alipuliza maputo mekundu hadi akaona kizunguzungu. Alikaa sakafuni, akajaza vifuko vya peremende. Lakini alipotaka kumchana Hadassa nywele, mtoto alichukua kitana kistaarabu akakimbia nacho kwa mamkubwa wake. Mtoto alipoanguka uani akachubuka goti, alimpita mama yake aliyekwisha kupanua mikono.

"Ananiogopa, Nete?" Josiane aliuliza, mgongo ameupa ukuta wenye vidoti. "Usinifiche."

"Hakuogopi. Anakuonea haya. Atazoea."

"Mimi namtazama tu," alisema Josiane. "Sisemi kitu. Namtazama."

Ivonete alitaka kumuuliza, unamtazamia nini?  Lakini aliogopa kuuliza, jibu likaja na tarehe ya safari.

Siku ya sherehe jua lilikuwa la kuchemsha lami. Watoto walijaa barazani na uani, wazazi wakajipepea kwa sahani za karatasi, vitafunwa vya kuku vikatoka jikoni vya moto na kwisha kabla sinia halijafika mezani. Hadassa alivaa gauni lake, na kila aliyeingia alilisifu. Josiane alishika kidoti kimoja pindoni, akakigeuza, akaona mishono nyuma yake.

"Umeshonea vyote kwa mkono?"

"Kitambaa hakikuwepo."

Josiane akamkumbatia dada yake kwa nguvu, akamwacha ghafla, akaenda kuwasha mishumaa.

Waliimba. Makofi yakapigwa, mtoto akavimbisha mashavu, akazima mishumaa yote kwa pumzi moja, watu wakashangilia. Gleide akampa kisu. Simu zikainuliwa pande zote, maana hii ndiyo ilikuwa picha yenyewe.

"Cha nani? Cha nani? Cha na-ni?"

"Cha mamkubwa wake hicho, mwaka nenda mwaka rudi!" mjomba mmoja alipiga kelele kutoka mlangoni, na wengine wakacheka.

Hadassa akainua sahani kwa mikono miwili. Akamtafuta Ivonete katikati ya watu. Macho yao yalipokutana, Ivonete aliona mtoto anauliza, na kwamba bado kuna nafasi, na kwamba ingetosha yeye kusimama tu pale bila kufanya lolote. Akainua kidevu, akakielekeza kwa Josiane.

Mtoto akatembea taratibu kama kwenye mazoezi, akasimama mbele ya mama yake.

"Ni chako, Mama."

Josiane hakuipokea ile sahani. Alikaa chini palepale juu ya saruji, akamvuta mtoto na keki pamoja, krimu ikampaka shingoni. Alilia kilio ambacho watu wazima hawajui wakifanyie nini, wakabaki wanapiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa tayari hewani. Hata yule mjomba alijifuta macho. Ivonete naye alipiga makofi. Moyoni alijisemea, imekwisha, ameshiba, ataondoka kwa amani.

Wageni walipopungua Josiane alimfuata jikoni, ambako Ivonete alikuwa anakusanya sahani, na mama yao Zulmira ameketi pembeni amevua viatu.

"Nete, sasa tuongee." Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini unang'aa. "Nilikuja na tiketi ya Hadassa. Nilikuwa sijui kama nitaitumia. Niliweka nadhiri. Nikasema sitamng'oa mtoto kama jino. Nitakaa kimya, nitamtazama, na siku ya keki nitajua. Angekupa wewe, ningembusu nikarudi peke yangu, ningekuachia mpaka akue aamue mwenyewe. Naapa. Na siku hizi zote alivyokuwa ananikimbia, nilikwisha kukata tamaa. Nilikwisha kuagana naye moyoni."

Sahani zilikuwa mikononi mwa Ivonete. Aliziweka mezani polepole.

"Josi."

"Kumbe ananipenda. Hakuambiwa na mtu."

"Josi, mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Akupe wewe. Tulifanya mazoezi hapa hapa mezani. Nilikuwa sitaki uaibike. Nilidhani..." Alishindwa kumalizia alichodhani, kwa sababu sasa kilisikika kibaya hata kwake.

 Ule mng'ao ukamtoka Josiane usoni taratibu, na kilichobaki kilikuwa kigumu.

"Nilijua unampenda," alisema. "Sikujua utafika huku. Miaka yote umepata cha kwanza wewe. Mimi nimepata kimoja. Kimoja, Nete! Nacho unataka kuninyang'anya kabla sijakimeza."

"Muulize mwenyewe."

"Nitamuuliza."

Akamwita. Hadassa akaja mbio, mdomo mwekundu kwa peremende, gauni limepata madoa mengine yasiyoshonwa na mtu. Josiane akachuchumaa mbele yake.

"Mwanangu, niambie kweli. Nani alikwambia unipe mimi keki?"

Mtoto akamtazama Ivonete. Ivonete alijaribu kusema, sema tu, sema kweli, lakini sauti haikutoka, na usoni mwake mtoto aliona hofu tu. Hofu ile aliielewa kuwa ni ya siri inayokaribia kuvuja. Akasimama wima kama mbele ya darasa.

"Hakuna. Moyo wangu tu."

"Hadassa, sikiliza," Ivonete alisema, "sasa unaweza kumwambia..."

"Mwache!" Josiane alimkata. "Usimfundishe uongo mbele yangu."

Alimbeba mtoto, akatoka naye uani. Begani kwa mama yake Hadassa aligeuka nyuma, akatabasamu, akamkonyezea mamkubwa wake macho yote mawili, kwa kuwa la upande mmoja alikuwa hajaliweza. Alitunza siri. Alikuwa anangoja kusifiwa. Na Ivonete, angefanya nini? Alimwinulia dole gumba.

Jikoni kukabaki watu wawili na mlio wa friji.

"Mama, ulijua habari ya hiyo nadhiri?"

"Nilijua," alisema Zulmira. "Aliniambia kwenye simu. Akaniapisha nisikwambie, ili mtoto asisukumwe na mtu."

"Ulinisikia namfundisha, ukakaa kimya?"

"Nilikaa kimya kwa mmoja, nikaona nikae kimya kwa mwingine." Mzee aliitazama miguu yake iliyovimba. "Ningekwambia, ungemfundisha."

"Ningemfundisha nini?"

"Ungemfundisha tu. Hili au lile."

Ivonete alitaka kukataa. Aliinua mkono wa kukatalia, akauona jinsi ulivyopakaa gundi na krimu, akaushusha. Kwamba mama yake alikosea, hakuwa na uhakika. Na kama angejua ile nadhiri angemnong'oneza nini mtoto mezani pale, alikijua vizuri.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima Ibituruna Josiane aliporudi. Alisimama mlangoni, hakuingia. Hasira ilikuwa imempungua, pengine kwa sababu alikuwa ameshinda, na mkononi alishika simu tayari kuandika.

"Dada," alisema, kwa sauti ya kuomba asiyotaka isikike kuwa ya kuomba. "Usiku analala na taa au bila taa?"

Ivonete alimtazama. Ilimpitia kichwani kwamba angeweza kusema sijui. Angeweza kusema na taa. Kule mbali, kwenye chumba kigeni, usiku mmoja tu wa mtoto kulia ungetosha Josiane ajue hakuna moyo uliomwambia mtu kitu.

"Bila taa," alisema. "Ila mlango usiufunge."

Josiane akaandika. "Na nini tena?"

Ivonete akavuta kiti akaketi. Asipomwambia, atakayeteseka si Josiane. Akaanza na maziwa, kwamba Hadassa hayanywi yakiwa na utando, na kwamba hatasema, ataacha tu kunywa.